Maji ya Kibanda cha Chakula Kigoma: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Mwongozo huu ni kwa mama lishe na baba lishe, wauza juisi, wakaanga chipsi na wachuuzi wa maji ya kunywa wa Kigoma Mjini, Ujiji na vijiji vya mwambao, ambao tayari wanatibu maji yao lakini wanakutana na kasoro wasizojua chanzo chake. Hauelezi kwa nini maji yatibiwe. Mkoa ulioshuhudia kipindupindu pale Kagunga mwezi Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika katika kijiji kile kidogo cha ufukweni, hauhitaji kukumbushwa. Unahusu yanayotokea baada ya dawa, yaani klorini, kutiwa: kwa nini maji yaliyotibiwa yanaweza bado kunuka, kuchafuka au kumwumiza mteja, na ukaguzi uanzie wapi.

Kagua kwa kufuata njia ya maji, kuanzia yalipotekwa hadi yanapomfikia mteja, na usiongeze dawa kabla ya kukagua chombo. Katika malalamiko yanayojirudia, mara nyingi dawa imefanya kazi yake, na maji yakachafuliwa upya kati ya dumu na sahani. Anayekimbilia kuongeza dawa huishia kuwa na maji yanayonuka na wateja ambao bado wanaumwa.

Kabla ya dalili yoyote, lifahamu ziwa lako. Maji ya Ziwa Tanganyika, hasa mbali na midomo ya mito, ni maangavu kiasi cha kumfanya mtu aamini kuwa ni salama, ilhali kijidudu cha kipindupindu hakionekani kwa macho. Tena maji hayo yana magadi mengi: pH yake, yaani kipimo cha uchachu au magadi ya maji, huwa takriban kati ya 8.6 na 9.2. Kanuni ya kusubiri dakika 30 baada ya kutia klorini imewekwa kwa maji yenye pH chini ya 8, kwa kuwa kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu ya klorini yenye makali ya kuua vijidudu inavyopungua. Kwa hiyo anayeteka ziwani asihesabu nusu saa. Asubiri saa 1 au zaidi, na bora zaidi atibu jioni maji atakayoyatumia kesho yake. Mwenye maji ya bomba au ya mvua anaweza kubaki na nusu saa yake.

Maji yana tope au rangi hata baada ya kutiwa dawa

Klorini huua vijidudu, lakini haiondoi tope. Sababu inayoongoza hapa ni mpangilio wa kazi: dawa imetiwa kwenye maji ambayo hayakutulizwa wala kuchujwa. Hali hii huonekana zaidi wakati wa mvua, hasa kwa wanaoteka upande ambako mto Luiche au Malagarasi unamwaga maji yake. Ili kukagua, jaza chupa angavu ya nusu lita, isimamishe juu ya gazeti, kisha tazama chini kupitia mdomo wa chupa. Ikiwa kichwa cha habari hakisomeki, maji hayo hayajawa tayari kupokea dawa.

Yaache yatulie usiku kucha katika chombo kilichofunikwa, yamimine taratibu bila kutibua mashapo, kisha yachuje kwa kanga kuukuu ya pamba iliyokunjwa tabaka nne au zaidi. Kanga kuukuu inafaa kuliko mpya, kwa sababu kitambaa kilichofuliwa mara nyingi nyuzi zake hulegea na kuziba matundu. Utafiti uliofanyika vijijini Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa namna hiyo kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa kuwa bakteria wake hujishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini ambavyo kitambaa huvinasa. Nusu nyingine ilibaki, na ndiyo maana kanga haichukui nafasi ya dawa.

Tope lisipotulia kwa usiku mmoja, tumia shabu: zungusha kipande chake ndani ya maji hadi uone tope likianza kugandana, kisha kitoe na uache maji yatulie. Mbegu za mlonge zilizotwangwa hufanya kazi hiyohiyo, lakini huacha mabaki ya mmea ambayo ni chakula cha bakteria, kwa hiyo maji hayo yatiwe dawa mara moja na yasilale zaidi ya siku moja.

Sababu isiyo ya kawaida sana ni maji ya kisima yanayoingia dumuni yakiwa maangavu na kugeuka kahawia dakika chache baada ya dawa. Hayo yana madini ya chuma, ambayo klorini imeyageuza kuwa kutu. Yatulize, yachuje, kisha tia dawa upya, kwa kuwa chuma kimekula ile ya kwanza.

Simama hapo hapo ikiwa juu ya maji kuna utando wa mafuta unaong'aa rangi rangi, au maji yananuka dizeli, jambo linaloweza kutokea kwa wanaoteka karibu na boti za Kibirizi na bandarini. Hakuna dawa ya dukani wala moto wa jikoni unaotibu mafuta. Mwaga maji hayo, badilisha mahali pa kuteka, na mjulishe afisa afya wa kata.

Muda umetimia, lakini hakuna dalili yoyote ya klorini

Maji yaliyotibiwa sawasawa yanatakiwa kubakiwa na klorini kidogo inayoendelea kuyalinda. Mwenye kipimo cha klorini kinachogeuza maji kuwa rangi ya waridi anatafuta miligramu 0.5 kwa lita au zaidi kidogo baada ya muda wa kusubiri, isizidi 2, na isishuke chini ya 0.2 katika saa 24 zinazofuata. Asiye na kipimo atumie pua: fungua mfuniko na unuse papo hapo. Harufu hafifu ya dawa ni habari njema, na kutokuwepo kwa harufu kabisa ni sababu ya kuanza kukagua.

Anza na hesabu ya ujazo. Kidonge cha miligramu 67 kimepimwa kwa maji maangavu ya lita 20, yaani dumu moja la kawaida, na maji yenye ukungu huhitaji viwili. Vipo vidonge vya ukubwa mwingine madukani, kwa hiyo soma pakiti kila unapobadilisha aina. Kosa linalojirudia ni la kutumia kidonge kimoja kwa pipa ambalo muuzaji amelizoea kiasi kwamba hajui tena linabeba madumu mangapi. Lipime kwa kumimina dumu moja moja, kisha weka alama ya kudumu ubavuni.

Hesabu ikiwa sahihi, angalia chombo. Ndani ya dumu lisilosuguliwa kwa wiki kadhaa kuna utando unaoteleza, na utando huo hula klorini kabla haijayafikia maji. Pitisha kidole chini ya shingo ya dumu. Kikiteleza, tia changarawe safi, sabuni na maji kidogo, tikisa kwa nguvu, suuza mpaka povu liishe, kisha tibu maji mapya. Chombo cha chuma kilichoanza kushika kutu nacho hupoteza klorini, na hakina marekebisho zaidi ya kubadilishwa.

Baada ya hapo, chunguza dawa yenyewe. Dawa ya maji hudhoofika kwa joto, na chupa iliyokaa dirishani mwa kibanda chenye paa la bati, jua likiipiga kila alasiri, si dawa ile iliyoandikwa kwenye lebo. Kidonge kilichotolewa kwenye karatasi yake na kuwekwa mfukoni kwa akiba hunyonya unyevu na kupoteza nguvu. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, hifadhi dawa mahali pa giza pasipo na joto, na nunua kiasi kidogo kidogo.

Sababu ya mwisho ni kutia dawa kwenye maji ya moto. Klorini hutoroka na mvuke. Aliyechemsha maji na kutaka ulinzi wa ziada wakati wa kuyahifadhi ayaache yapoe kwanza.

Ikiwa hesabu, chombo na dawa vyote viko sawa na bado klorini inatoweka, usirudie kipimo mara tatu au nne kwa kubahatisha. Maji yanayokula klorini kwa kasi hiyo yana uchafu mwingi wa kinyesi au wa taka, hali inayoweza kutokea pale ziwa linapopanda na kuvifikia vyoo vya ufukweni. Acha chanzo hicho na uombe maji yapimwe.

Maji yananuka dawa, na wateja wanalalamika

"Mama, maji yako yana dawa," ni lalamiko linaloweza kuvunja biashara kuliko tope, kwa sababu mteja anayekataa maji yaliyotibiwa huenda kibanda cha jirani na kunywa yasiyotibiwa. Kwa kawaida chanzo chake ni watu wawili: mama alitia dawa alfajiri, binti yake akaja na kutia tena. Dawa hiyo ni salama kwa kiasi, na kiwango cha juu kinachokubalika na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 5 kwa lita, lakini ladha huwa imekwisha kuharibika kabla ya kufika huko. Funga kipande cha kitambaa kwenye shingo ya kila dumu lililokwisha kutiwa dawa, na ugomvi huo utaisha.

Marekebisho ni kuyaacha maji wazi chini ya kitambaa safi kwa saa chache, au kuyamimina kutoka chombo safi kwenda kingine mara kadhaa. Unaweza pia kuyachanganya na maji yaliyochemshwa na kupoa. Kuyapunguza makali kwa maji mabichi ni kufuta kazi yote.

Angalia pia kama uliyotumia ni dawa ya maji kweli. Wapo wanaotumia dawa ya kufulia nguo nyeupe kwa kuwa nayo ni klorini. Yenye manukato au rangi haifai kamwe kwa kunywa, na isiyo na manukato huhitaji kipimo ambacho si rahisi kukipata kwa kifuniko cha chupa, kwa hiyo katika kibanda cha chakula afadhali isitumike kabisa. Tahadhari kubwa ni hii: dawa ya aina hiyo isichanganywe na siki, ndimu wala dawa ya kusafishia choo, kwa sababu hutoa hewa ya sumu. Ikitokea umechanganya na koo likaanza kuwasha, toka nje, watoe na wengine, na anayekohoa bila kukoma apelekwe hospitali.

Maji yametibiwa vizuri, lakini wateja wanaumwa tumbo

Kipimo kinaonyesha klorini, dumu ni safi, na bado watu watatu waliokula mchana wamerudi kulalamika. Hapa ndipo njia ya maji inapotakiwa kufuatwa hatua kwa hatua.

Kagua kwanza mkono na kikombe. Simama pembeni ya kibanda chako saa ya chakula cha mchana na utazame tu. Utaona kikombe cha plastiki kikizamishwa ndani ya ndoo pamoja na vidole vinne, kikanywewa, kikarudishwa juu ya mfuniko kikiwa kimefudikizwa, kisha mkono uliotoka kupokea fedha ukakizamisha tena. Klorini kidogo iliyobaki haiwezi kushindana na hali hiyo kutwa nzima. Tiba yake si dawa zaidi bali ni chombo chenye mdomo mwembamba au ndoo yenye koki, ambavyo mkono hauwezi kuingia. Utafiti uliofanyika Guatemala kwa wauza vinywaji wa mitaani, ukachapishwa mwaka 1998, uliwapa wauzaji vyombo vya namna hiyo pamoja na dawa ya maji na utaratibu wa kunawa mikono, na uchafu wa kinyesi katika vinywaji vyao ukapungua. Asiye na uwezo wa kununua ndoo yenye koki leo atumie dumu kwa kumimina, na kata yenye mpini mrefu inayoning'inizwa badala ya kulazwa mezani. Karibu na hapo kuwe na kibuyu chirizi na sabuni, kwa muuzaji na kwa mteja anayekula ugali kwa mkono.

Mtuhumiwa wa pili ni kachumbari. Nyanya na vitunguu huoshwa kwa maji ya kuoshea, si kwa "maji ya kunywa", kwa sababu maji yaliyotibiwa huonekana ni ghali mno kwa kazi hiyo. Lakini kachumbari haipiti motoni. Mgebuka uliokaangwa ukaiva hata katikati hauna hatari kubwa, ilhali kachumbari iliyowekwa pembeni yake inaweza kubeba kila kilichokuwa kwenye beseni. Chochote kitakacholiwa kibichi kioshwe kwa maji yaliyotibiwa. Ndimu inayokamuliwa juu yake husaidia kiasi, kwa kuwa kijidudu cha kipindupindu hakipendi uchachu, lakini usiihesabu kama dawa.

Kisha juisi na barafu. Ubuyu, ukwaju na rozela vikiingia kwenye maji, hula klorini yote iliyokuwamo, kwa hiyo juisi haina ulinzi wowote baada ya kuchanganywa, hata kama maji yake yalikuwa bora asubuhi. Tibu maji kwanza, subiri muda utimie, ndipo uchanganye, na usiuze juisi ya jana. Barafu nayo haiui vijidudu, bali huvihifadhi hadi iyeyuke. Barafu iliyogandishwa kwa maji mabichi na kutumbukizwa ndani ya jagi inachafua jagi zima, na katika kipindupindu kilichoingia Peru mwaka 1991 vinywaji vya mitaani vyenye barafu vilikuwa miongoni mwa njia za maambukizi. Ikiwa hujui barafu imegandishwa kwa maji gani, poza chupa kwa nje tu.

Wauza maji na juisi za mifukoni wana kasoro yao: mfuko hufunguliwa kwa kupulizwa kwa mdomo, au kidole hulowekwa mate ili karatasi mbili ziachane. Tumia kidole kilicholowekwa kwenye maji yaliyotibiwa.

Mwisho ni vyombo vya kulia. Beseni moja la kusuuzia sahani tangu asubuhi, maji yakiwa yamegeuka rangi ya mchuzi, linatosha kuwa chanzo. Badilisha maji mara kwa mara, suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyotibiwa, na anika sahani juani badala ya kuzifuta kwa kitambaa kilekile kinachofuta meza.

Maji yaliyochemshwa yana ladha mbaya au mabaki meupe

Mabaki meupe chini ya sufuria ni madini ya ziwa na hayana madhara. Kwangua tu. Ladha ya moshi hutokana na sufuria isiyofunikwa juu ya kuni. Ladha iliyopooza huondoka maji yakimiminwa kutoka chombo safi kwenda kingine ili yapate hewa.

Tatizo la maana zaidi ni maji "yaliyochemshwa" ambayo hayakuchemka. Mapovu madogo pembeni mwa sufuria si kuchemka. Subiri maji yatokote katikati kwa nguvu, uhesabu dakika 1, na hilo linatosha kwa mwinuko wa Kigoma. Kuchemsha dakika 20 ni kuchoma mkaa bure. Chai na uji uliotokota hauhitaji dawa ya ziada. Ila maji baridi yanayoongezwa kupooza uji wa mtoto yawe yametibiwa, na hapo ndipo wengi wanapojisahau.

Ndoo yenye koki inateleza au ina harufu ya uvundo

Karibu kila mara ni koki. Huoshwa ndoo, koki ikaachwa. Ifungue, sugua ndani kwa mswaki uliotengwa kwa kazi hiyo, loweka vipande vyake nusu saa katika maji yaliyotiwa dawa kali kuliko ya kunywa, kisha suuza. Ndoo zilizobeba rangi ya kupaka na madumu yaliyobeba viuatilifu hayasafishiki kwa matumizi ya chakula, hata yakisuguliwa namna gani. Yatumike kwa usafi wa choo.

Chujio la udongo linadondosha polepole, au ghafla limekuwa na kasi

Upole unatokana na matundu kuziba. Lisugue kwa brashi laini na maji yaliyotibiwa bila sabuni. Kasi ya ghafla ni dalili mbaya zaidi, kwa kuwa ni alama ya ufa, na chujio lenye ufa halizibwi kwa gundi. Litupe.

Wakati wa kuacha kurekebisha na kuita wataalamu

Funga huduma ya chakula na umpigie afisa afya wa kata, au namba 199 ya Wizara ya Afya, ikiwa wateja wawili au zaidi waliokula siku moja wanaharisha, au ikiwa hata mmoja anaharisha maji mengi yanayofanana na maji ya kuoshea mchele. Usimwage mabaki ya chakula na maji kabla hajafika, kwa sababu ndivyo atakavyopima. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya mara moja, hasa akiwa na macho yaliyoingia ndani, misuli inayokaza au mkojo uliokatika. Njiani anywe maji ya chumvichumvi ya pakiti, au, pakiti isipopatikana, lita 1 ya maji salama yenye vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Anayetapika aendelee kunywa kwa mafunda madogo. Usisubiri kuona kama atapata nafuu kwa dawa ya kufunga kuhara, maana kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache.

Agizo hilo linawahusu pia wahudumu. Mpishi au mwosha vyombo anayeharisha asiguse chakula wala ndoo ya maji, na arudi kazini angalau saa 48 baada ya kuhara kukoma. Ikiwa ilikuwa kipindupindu au homa ya matumbo, arudi pale tu kituo cha afya kitakapomruhusu.